Dada Korasoni Alipoanza Kuimba Kiingereza

Betri zilipoanza kwisha, Dada Korasoni aliimba kwa sauti ya mwanamume aliyelewa. Hiyo ndiyo sauti inayonijia kwanza nikiukumbuka utoto wangu pale Mtawanya: wimbo unavutika, wasichana wananung'unika, na Mama Mdogo Felista anazichomoa betri kwenye redio-kaseti na kuzianika juani pembeni ya makopa ya muhogo, zipate nguvu za kumalizia upande wa pili. Baraza lote lilinukia mafuta ya nazi, maana kila Jumamosi alikuwa akiwasuka wasichana wa mtaa mzima. Kaseti yenyewe aliileta baba, aliyefanya kazi bandarini. Alipewa na baharia mmoja. Juu yake palikuwa na picha ya binti wa Amerika ya Kusini mwenye nywele nyingi, na jina refu lililotushinda kulitamka. Kwa kuwa hakuna wimbo wake uliokosa neno "korasoni", tukambatiza hilo, yakaisha.

Mama Mdogo, yaani mdogo wake mama, alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Mama alivuka mapema, akaolewa huku. Mdogo wake alivuka wakati wa vita, kwa mtumbwi, akatokea Mahurunga, ukingo wa huku kwetu, na nguo alizovaa tu. Mwanawe, Lurdes, alikuwa na homa siku hiyo, akamwacha kwa bibi yake kwa ahadi ya kurudi kumchukua. Vita vilipokwisha alirudi kweli, akakuta kijiji kimetawanyika na hakuna wa kumuuliza. Hayo niliyasikia jikoni, kwa minong'ono, na sisi watoto tulikatazwa kulitaja jina la Lurdes mbele yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, alisema mama, na mlango wa maneno ukafungwa hapo.

Bombani wanawake walimtania kwa Kiswahili chake chenye Kimakonde ndani. Lakini Jumamosi, kitana mkononi, yeye ndiye aliyekuwa mtu. Alisoma kidogo kwa mapadri, alijua Kireno, na alishikilia kwamba Dada Korasoni anaimba Kireno, ila cha watu wa mbali wanaokitafuna. "Korasoni ndiyo korasau," alitufundisha. "Moyo. Kwetu ntima." Basi akatutafsiria. Wimbo wa kwanza ulisema kuna msichana kaachwa kwa bibi yake, anaumwa homa. Wa pili ulisema kapona, anashinda ukingoni mwa mto akiangalia kila mtumbwi unaokuja. Wa mwisho, wenye ngoma na matarumbeta ya kupasua masikio, ulisema kakua, kafunga mzigo wake, anataka kuvuka kumfuata mama yake. Mmoja wetu akauliza mbona wimbo wa huzuni namna ile unapigiwa matarumbeta. Mama Mdogo hakuinua hata macho. "Huko kwao ndivyo wanavyolia," akasema, akavuta msuko mpaka mwenye kichwa akakunja uso. Tulitaka kujua kama yule msichana alivuka. Akasema kaseti imeishia hapo, tungoje nyingine. Tukaingoja kwa hamu, na ninavyofikiri sasa, hakuna aliyeingoja kama yeye.

Ikaja. Dada Korasoni kapunguza nywele, kazitia rangi, na anaimba Kiingereza. Mtaa ulichemka. Wazee waliokuwa hawajawahi kumsikiliza wakatoa hukumu: mwacha asili ni mtumwa. Mama Mdogo ndiye pekee aliyemtetea. "Mwacheni," alisema. "Nani anajua alivukia nini." Lakini wasichana hawakuwa na habari na asili. Neema, binti wa mwalimu aliyehamia kutoka Mbeya, alikuwa sekondari, na kwao kulikuwa na umeme. Akasikiliza kidogo tu, akatangaza kwamba Dada Korasoni anasema twende tukacheze mpaka asubuhi. Wote wakahamia kwao, na mimi mkia nyuma. Tulikuwa watoto, penye muziki mpya ndipo tulipokuwa. Jumamosi za kwetu zikapoa. Waliokuja kusukwa walisukwa kimya kimya, na redio ikawekwa juu ya kabati. Siku moja, nikiwa nimekaa katikati ya magoti yake, nilimuuliza yule msichana wa mtoni aliishia wapi. Vidole vyake vikasimama kichwani mwangu. "Sasa anaimba Kiingereza, mwanangu. Mimi nitajuaje?" Akaendelea kusuka. Sikumuuliza tena, naye akafa nikiwa mtu mzima, akazikwa na kilichobaki cha hadithi ile.

Mwaka huu, baada ya masika, mwanamke mwenye mvi za mwanzo alibisha hodi kwetu. Alikuja Mahurunga kuuza ufuta, akasikia habari za mama yangu, akauliza mpaka akafika. Alikuwa Lurdes. Alilia na mama kwa Kimakonde, kisha akanigeukia na Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mama alikuwa ananisema?" Ili kumjibu, nikautafuta ule wimbo wa matarumbeta kwenye simu. Alisikiliza, akaanza kucheka huku machozi hayajakauka. "Hii siyo Kireno, dada. Hii Kihispania. Anasema kiuno tu. Tikisa kiuno." Ndipo nikamweleza wimbo ule ulisema nini barazani kwetu: homa, bibi, ukingo wa mto, mzigo uliofungwa. Kicheko kikamfutika usoni.

Siku hizi wanangu wakitaka kujua wimbo unasemaje wanabonyeza simu, na simu haikosei. Dada Korasoni mwenyewe, nasikia, kazeeka na karudia lugha ya kwao, wanampigia makofi. Sisi tulipata tafsiri sahihi, tukampoteza mtafsiri, na sioni kama tulipata faida. Nilipomsimulia Lurdes mpaka kwenye mzigo nikakomea hapo, kwa sababu Mama Mdogo naye aliishia hapo. Lurdes akangoja, kama tulivyongoja sisi.

"Halafu?" akauliza.

Nikamwambia halafu haipo. Alikaa akiangalia baraza, mahali nilipomwonyesha kwamba mama yake alikuwa akikaa.

"Alivuka," akasema. "Alichelewa, lakini alivuka."