Mchikichi Uliofungwa Kitenge

Nakumbuka moshi kwanza, mwanangu. Mengine yote yalikuja nyuma yake. Moshi wa majani makavu ya mchikichi hauna haya. Unaingia kwenye nguo na kukaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Mpaka leo nikiunusa, popote kati ya Mwandiga na Ujiji, miguu yangu hutaka kukimbia kabla kichwa hakijajua kwa nini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, jina langu Sudi, shule nimeiacha darasa la tano. Sikuiacha kwa sababu nilishindwa masomo. Dirisha la darasa letu lilitazama ziwa, na kila mtumbwi uliopita uliondoka na nusu yangu. Nikabeba mizigo Kibirizi, nikaanika dagaa, nikafyatua matofali Gungu, nikavuka maji mara mbili kwenda Kongo ili nione tu upande wa pili ukoje. (Kuna watu wamesimama ufukweni wanatazama huku kwetu na kujiuliza hivyo hivyo.) Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ni kweli, sikula wali mkavu. Ila hawakusema mgaagaa huyo analala wapi.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Mama Adera. Alikuwa mjane wa Kiha, mwembamba, mchapakazi, mwenye bustani ya kabichi kwenye bonde la Luiche. Aliishi na mama yake mzazi, bibi ambaye macho yalikuwa yamezima lakini ulimi bado unawaka. Niliomba kibarua cha siku moja cha kumwagilia. Nikakuta ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa letu, nikabaki mwezi. Siku moja Mama Adera aliniita ukingoni mwa mfereji.

"Sudi, unakiona kile kipande ng'ambo?"

"Nakiona, mama."

"Hakina mwenyewe tangu mume wangu afariki. Kaa hapa mpaka kabichi zangu zifunge, kitakuwa chako. Ulime, ujenge, uoe, shauri lako. Lakini mpaka zifunge. Sitaki mtu wa kuja na kupotea kama kumbikumbi."

Kama hujawahi kulima kabichi, mwanangu, nikueleze. Mche huanza kwa kutandaza majani wazi kama kiganja kinachoomba. Baadaye majani ya ndani hukumbatiana, yakawa kichwa. Huko ndiko kufunga. Hapo katikati, kabla hazijakumbatiana, ndipo viwavi huzila. Kabichi zile ndizo zilizotegemewa kututunza sote wanne, maana kulikuwa pia na Adera mwenyewe aliyekuwa anasoma, mpaka mahindi ya mlimani yakomae. Nami kwa mara ya kwanza nilikuwa na mahali pa kungojea.

Pembeni mwa bustani ilisimama michikichi mitano. Mitatu kati yake Mama Adera alikuwa ameifunga vipande vya kitenge kikuukuu kiunoni. Kule juu, katikati ya makuti, nyigu walikuwa wamejenga. Walijenga pia chini ya paa la kibanda chetu cha kukamulia mawese, viota vya kijivu vikining'inia kama maua yaliyokauka. Sheria ya bustani ilikuwa moja: mchikichi wenye kitenge haukwewi mpaka kabichi zifunge. Mikungu ikiiva, chikichi zidondoke zenyewe, tuokote.

Niliuliza kwa nini. Mimi huuliza kila kitu, ni ugonjwa wangu.

"Hao ni wafanyakazi wangu," akasema, akaendelea kupalilia.

Nikadhani ni imani za watu wa zamani. Kosa langu la kwanza liko hapo. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza kisha kuondoka kabla jibu halijakaa sawa, huo ni ujinga wenye miguu.

Bondeni alikuwapo mkwezi, Zakaria, rika langu, mwenye kifua kikubwa na domo kubwa zaidi. Siku Mama Adera alipokwenda msibani Gungu, Zakaria akapita, akaona mikungu imeiva myekundu kwenye miti yenye vitenge. Akacheka.

"We mtoto wa Mama Nyigu! Mikungu inaoza, umekaa tu?"

"Imekatazwa."

"Na nani? Na mdudu mwenye kiuno cha bibi harusi? Mtu amevuka ziwa mara mbili, anamwogopa nyigu!"

"Simwogopi."

"Basi kwea tuone. Au nikuazimie gauni la dada yangu?"

Mwanangu, miguu yangu ilikuwa inaniwasha kwa siku nyingi. Mwezi mzima mahali pamoja! Nikafungua kitenge cha kwanza kwa mikono hii hii. Nikafunga majani makavu yakawa mwenge, nikazungusha kamba kiunoni na kwenye mti, nikapanda. Viota vilishika moto kama karatasi, na kweli ni karatasi, kwani nyigu hukwangua mti mkavu, akautafuna na mate yake, akajengea. Wengi waliungua wakadondoka. Waliobaki wakanishukia. Mti wa tatu nilishuka kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu, mdomo wa juu umevimba ukagusa pua, Zakaria akigaragara chini kwa kicheko. Lakini nilijiona nimeshinda. Nikamalizia na viota vya kibandani, paa likabaki na masizi. Mikungu minne tukaipanga mlangoni ili Mama Adera akirudi ashangae.

Alishangaa. Hakuitazama mikungu. Alikwenda moja kwa moja kwenye vitenge vilivyolala chini, akaviokota kimoja kimoja, akavikung'uta, akavikunja. Kisha akanitazama mdomo.

"Wamekuuma?"

"Kidogo, mama."

"Pole. Kesho kuna kumwagilia."

Ni hayo tu. Ningependa angenitukana. Mkubwa akikufokea unajua hasira yake imeishia wapi. Akinyamaza, unabaki kuitafuta mwenyewe.

Hazikupita wiki mbili. Asubuhi moja niliona tundu kwenye jani, dogo kama jicho la sindano. Kesho yake matundu yalikuwa kila mstari. Viwavi wa kijani, wembamba, wamejificha chini ya majani wakila bila kupumzika, hata baadhi ya kabichi zikafanana na chandarua kilichochakaa. Mama Adera akanijia na mkebe mtupu wa maziwa.

"Shika."

"Wa nini, mama?"

"Umewafukuza wafanyakazi wangu. Sasa kazi yao ni yako. Mstari kwa mstari, jani kwa jani, juu na chini. Kuanzia leo wewe ndiye nyigu."

Bibi, aliyekuwa amekaa barazani, akacheka mpaka akakohoa. "Kiuno lakini anacho?"

Niliinama. Nikatoa viwavi kwa vidole tangu jua linachomoza mpaka linazama upande wa Kongo. Nilipofika mstari wa mwisho, wa kwanza ulikuwa umepata wengine. Mgongo uliniuma, vidole vikawa vya kijani, na kila boti iliyonguruma kule ziwani ilinguruma ndani ya kifua changu. Siku ya nne nikasema basi. Bahati yangu ya kipande cha ng'ambo nimeichoma mwenyewe, ya nini kuinamia majivu? Nikafunga nguo zangu, nikaingia kibandani kuchukua ndala.

Hapo ndipo nilipoona kichungu. Kilikuwa cha udongo, kidogo kama ncha ya kidole gumba, kimebandikwa ukutani mahali ambapo moto wangu haukufika. Kilikuwa na shingo na mdomo kama chungu cha mfinyanzi hodari. Ni kazi ya nyigu wa namna nyingine, anayeishi peke yake. Nikakitoboa kwa msumari. Kwa nini? Sijui. Nilitaka kuona tu.

Wakadondoka viwavi. Wa kijani, wembamba. Niliwajua, mwanangu, nilikuwa nimewashika mamia; ni hao hao wa kabichi zetu. Wanane, wamepangwa humo kama dagaa guniani, hawajafa wala hawatembei, wamechomwa sumu wakatulia, akiba ya mtoto wa nyigu ambaye hata hajaanguliwa. Nikiwa bado nimeduwaa, mwenyewe akaingia na wa tisa kifuani. Akakuta chungu kimebomoka. Akazunguka, akazunguka tena, akatua, akagusa pale palipotoboka. Nilisimama na furushi langu kwapani nikiona aibu mbele ya mdudu.

"Unakwenda wapi, mwana wanje?"

Mama Adera alikuwa mlangoni. Hilo, "mwana wanje", kwa Kiha ndiyo hiyo hiyo mwanangu ninayokuita wewe. Hakuwahi kuniita hivyo kabla.

"Kibirizi. Kuna boti."

"Boti zipo kila siku. Tazama pale kwanza."

Akanionyesha kona ya paa, penye masizi. Nyigu mmoja alikuwa ameanza upya. Kishina chembamba, na chini yake vijumba visivyozidi vidole vya mkono mmoja, naye amening'inia hapo akitafuna, akibandika, akitafuna.

"Huyo umemchomea nyumba," akasema. "Amerudi pale pale, kwenye masizi yako. Wewe hujachomewa chochote. Unakimbia nini?"

Nimezunguka sana tangu siku ile, na bado sijapata jibu zuri. Nikaweka furushi chini, nikachukua mkebe.

Siwezi kukudanganya kwamba kila kitu kilipona. Nusu ya kabichi zilikufa. Miezi ile tulikula sombe, majani ya muhogo, na ugali, sombe na ugali, na bibi hakuacha kuuliza kila tunaponawa, "Nyigu wetu mkubwa amekula?" Lakini nilianza kutazama. Nilipoinama mstarini, nyigu wa kibandani alikuja kuwinda pembeni yangu. Alimvuta kiwavi kutoka chini ya jani nililokwisha kulikagua, akamtafuna akawa kidonge, akaruka nacho kwenda kulisha watoto. Mmoja akawa watatu, watatu wakawa wengi, na mkebe wangu ukawa mwepesi kila wiki. Vitenge nilivifunga tena mimi mwenyewe. Zakaria alipopita na kejeli zake nilimwambia akwee mbele ya macho yangu aone. Hakukwea.

Siku kabichi zilizobaki zilipofunga, Mama Adera alikata moja, akaipima mkononi, akanivusha mfereji. Nilidhani anakwenda kuniambia sistahili, na ningekubali. Akachomeka jembe katikati ya kile kipande.

"Kabichi zimefunga nusu," akasema. "Nusu hii ni yako."

"Na hiyo nyingine, mama?"

"Ya hao uliowachomea. Usiilime, usiichome, usifyeke. Iache na maua yake na vijiti vyake vikavu."

Mama Adera amekwisha kufariki, Mungu amlaze pema. Mimi nimeendelea kutangatanga. Nimefika Kasanga, nimefika Bujumbura, nimefanya kazi ambazo nyingine sina majina yake. Bwana mmoja wa misitu aliwahi kunipasulia tunda la mkuyu akanionyesha vinyigu vidogo kuliko chawa. Akasema bila vinyigu hivyo mkuyu haupati mbegu, na bila mikuyu ndege na sokwe wa milima ya kando ya ziwa wangelala njaa. Nilikaa siku nzima nikipasua matunda. Lakini kila safari ilinirudisha kwenye nusu yangu. Ile nusu nyingine bado ni kichaka. Siku hizi wanakuja watu wa viwanja, wanasimama pale wamevaa viatu safi, wananiuliza mzee mbona eneo zuri hivi limelala. Nawaambia halijalala, lina wenyewe, na wako kazini. Wanaondoka wakitikisa vichwa.

Basi sikiliza, mwanangu. Sikuambii umpapase nyigu. Akijenga juu ya kitanda cha mtoto, mwondoe kwa akili, na ukiona aliyeumwa anavimba koo au pumzi inambana, usingoje, mkimbize hospitali. Lakini aliyejenga ukingoni mwa shamba, juu ya mti, nyuma ya kibanda, mwache. Hiyo chupa ya dawa uliyowainulia nyigu hawa haichagui. Inaua mla majani na mla viwavi pamoja, kisha mla majani ndiye anayerudi wa kwanza. Kabla ya kuchoma nyumba ya kiumbe usiyempenda, kaa chini umtazame mzigo anaoingia nao. Na ukikuta mkubwa amefunga kitenge mahali, uliza, halafu usiondoke mpaka jibu limalizike.

Miguu yako iende itakako. Yangu imekwenda, nami siwezi kukukataza. Mungu akupe pa kuirudisha. Akupe jirani wa kukunyamazia ukikosea na kukuita mwana ukitaka kutoroka. Kabichi zako zifunge. Na siku ukichomewa yako, akujalie moyo wa yule wa kwenye masizi, urudi pale pale, uanze na kishina chembamba.