Mbegu za Mjomba

Juzi niliona vijana wawili wakitukanana sokoni Mushaki kwa kubishana kama Mungu yupo, nikakumbuka alasiri moja mama na kaka yake wakichagua mbegu za maharagi uani kwetu. Mvua ya mawe ilikuwa imemaliza shamba, nasi tulikuwa tunaanza upya. Udongo ulioloa ulinukia, maharagi yakilia kwenye lungo. Kesho yake asubuhi yangepelekwa kanisani kubarikiwa.

“Mungu njo yeye alituachia hizi,” mama alisema.

“Dada, miye siamini kama Mungu iko,” mjomba alijibu polepole. “Njo yeye alileta na mvua ya mawe?”

“Sijui. Lakini nitamuomba tu.”

“Omba. Miye nitalima.”

Hakuna aliyepandisha sauti. Mimi niliogopa kwamba mbegu alizogusa mjomba hazitaota, nikaanza kuzitenga. Mama aliniona, akazimwaga zote katika kikapu kimoja.

Asubuhi mjomba ndiye aliyebeba kikapu kile hadi mlangoni mwa kanisa, akabaki nje. Nilidhani anamwogopa Mungu. Kumbe, tulipotoka, alikuwa anatungoja na majembe yetu begani, tukapande kabla ya mvua.