Mchanga wa Mheshimiwa

Munyao alikuwa mtu wa kutia vitu mdomoni, na si kwa ulafi. Mjomba wake, aliyemfundisha kuchonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii, alimzoesha kuweka kibanzi cha mti ulimini kabla ya kushika tezo, ajue kama mti umekauka au bado una maji ndani. Ukichonga mti mbichi leo, kesho shingo ya twiga inapasuka. Kwa hiyo kila asubuhi, katika karakana yao pembeni mwa Industrial Area, Munyao alilamba mbao kama mpishi anayeonja mchuzi, akatema, akatoa hukumu. Wenzake waliuheshimu sana ulimi huo.

Mkewe Kamene alikuwa na mimba ya kwanza, naye pia alikuwa na mambo yake ya mdomoni. Alikula odowa, yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni kando ya nyanya na vitunguu, ambayo wajawazito wa Nairobi huyatafuna kama njugu. Alianza na kipande kimoja baada ya chai. Mimba ilipoanza kuonekana, alikuwa anaficha odowa ndani ya viatu, ndani ya foronya, ndani ya jagi la maua ya plastiki. Munyao akikaa kutazama habari, alisikia krap, krap, krap nyuma ya pazia, akajua mwanawe analishwa ukuta.

Hapo pangekuwa pa kucheka tu, lakini Sista Nzembi wa kliniki ya wajawazito hakucheka. Alimchoma Kamene kidole, akatazama kipimo, akaguna.

"Damu iko chini, mama. Dawa za damu ninakupa, lakini ukizimeza halafu ujaze tumbo udongo, ni kama hujameza. Hayo mawe uache. Sitaki uingie leba ukiwa hivi."

Munyao alikuwa amekaa kando, akisikia yote. Aliogopa kabisa. Tangu siku hiyo alibembeleza, alinuna, alisaka nyumba nzima na kuyakusanya mawe na kuyatia mfukoni aende kuyatupa. Kamene alinunua mengine.

"Munyao, si mimi," alisema, mikono juu ya tumbo. "Ni mtoto anataka."



Kisha akaja paka. Kamene alipanda juu ya paa la jengo lao la Kayole, pale wapangaji wanapoanika nguo, akakuta mtoto wa paka amelala ndani ya beseni lake kama mwenye nyumba. Mama mtu hakuonekana. Kamene akateremka naye hadi kwao, ghorofa ya nne, akamlaza kwenye kochi, na kwa kuwa alilala mchana kutwa na akiamka anadai chakula, wakamwita Mheshimiwa. Siku ya kwanza Mheshimiwa alijisaidia ndani ya kiatu cha Munyao, kile cha kanisani.

Munyao alimpigia simu Sista Nzembi kuuliza kama paka na mimba vinapatana. Akaambiwa vinapatana, ila mjamzito asiguse choo cha paka hata kidogo, maana kinaweza kumdhuru mtoto. Kazi hiyo ni ya baba, na baba anawe mikono. Basi baba akalikata jerikeni la mafuta ya kupikia ubavuni, ukingo ukawa mfupi wa kurukwa na miguu midogo, akaenda kuomba mchanga kwenye mjengo wa jirani. Akaonja chembe mbili, akaona ni mchanga wa kawaida, akajaza.

Mheshimiwa aliingia. Akanusa, akazunguka, akakaa kitako. Halafu akainamisha kichwa na kuanza kula.

Krap, krap, krap.

Kamene aliinuka kwenye kochi macho yakiwaka. "Umeona? Umeona, Munyao? Hata yeye mwili wake unadai! Au na yeye utamsaka viatuni?"

"Huyo ni paka, Kamene."

"Basi sikiliza." Akainua mkono juu. "Naapa kwa jina la mama yangu. Siku huyu paka ataacha kula mchanga wake, na mimi nitaacha odowa. Kabla ya siku hiyo usiniguse na hayo maneno yako. Na usimnyime choo, ukamfungia nje. Choo chake kijae kila siku."

Mtu mwenye akili timamu angekataa mkataba kama huo. Munyao aliukubali, kwa sababu Kamene hakuwahi kuvunja kiapo, na ilikuwa mara ya kwanza neno "kuacha" kumtoka kinywani. Damu ya mkewe, na pumzi ya mtoto wake, sasa vilikuwa mikononi mwa paka.

Alianza na majivu, aliyopewa na mchoma nyama. Majivu yalimkausha ulimi, lakini hayakuwa na ubaya aliouona. Mheshimiwa aliyafukua kwa bidii, akatoka akiwa kijivu mpaka kope, akakohoa, akapita juu ya shuka zote mbili nyeupe, kisha akarudi kulamba yaliyobaki. Kamene alimpigia makofi. Siku iliyofuata Munyao akaleta unga wa mbao kutoka karakana. Wakati huu akaonja akiwa bado njiani, na ulimi ukamwaka. Akakumbuka zile mbao hupakwa dawa ya mchwa. Aliumwaga wote jalalani, akamwomba paka msamaha moyoni.

Ndipo alipoenda Spine Road, kwenye duka la Ifrah, dada anayeuza chakula cha kuku na vitu vya mbwa na paka. Dukani palikuwa na watu, na Munyao, mwanamume mwenye ndevu, aliona haya kusema ana mtoto wa paka nyumbani.

"Paka mwenyewe ana umri gani?" Ifrah aliuliza.

"Ni wa bosi," Munyao alisema. "Mkubwa. Mzee kabisa, ana mvi."

Ifrah akampa mfuko wa mchanga laini wa kutoka ng'ambo, ule unaogandamana ukiloa ili mwenye paka azoe bonge na kutupa. Akiwa ameukumbatia, Munyao alikutana na Nzau, mchongaji mwenzake.

"Niaje, buda! Umebeba nini?"

"Mchanga."

"Umenunua?" Nzau alishika kichwa. "Wewe, mtu wa Machakos? Malori yamemaliza mito yetu yakiletea hii Nairobi mchanga, na wewe unaununua kwa duka, ndani ya mfuko umechorwa paka? Ukifika ushago, kule kijijini, utawaambia nini?"

Munyao aliongeza mwendo. Alifika nyumbani, akajaza jerikeni, akachota unga kidogo kwa kijiko, akauweka ulimini kama kawaida yake. Ule unga ukanywa mate. Ukavimba, ukashika ulimi, ukaubandika kwenye kaakaa kama bahasha.

"Munyao, maji ya kuoga yako tayari," Kamene aliita kutoka jikoni.

"Mmmbwa," Munyao alijibu.

"Nini?"

"Mmmbwa!"

Alikimbilia maji, akanywa, akasukutua, akatema kwenye sinki. Kile kijiko, na mchanga uliobaki juu yake, kilikuwa kimemwangukia ndani ya glasi. Akautazama mchanga ukivimba, ukawa bonge la kijivu, zito kama ugali, kijiko kimesimama chenyewe katikati. Akageuza macho akamwona Mheshimiwa, mwenye tumbo lisiloshinda yai, mguu mmoja tayari uko ndani ya jerikeni na mdomo unashuka. Munyao aliruka meza. Alimnyakua hewani, akambana kifuani.

Alipogeuka, Kamene alikuwa ameinamia ule mfuko, pua ndani, macho amefumba.

"Inanukia mvua," alisema kwa sauti ya mtu aliyeokoka.

Hakuna aliyewahi kushuka ngazi za jengo lile kwa kasi ile, tena na paka mkono mmoja na mfuko mkono mwingine. Munyao hakusimama mpaka dukani kwa Ifrah.

"Dada, nilikudanganya. Paka si wa bosi, ni wangu. Ni mtoto. Anakula hizi vitu zake za choo. Na bibi yangu pia."

Ifrah aliacha kupima chakula cha kuku. "Bibi yako anakula choo cha paka?"

"Hapana! Anakula odowa. Ana mimba. Ameapa ataacha paka akiacha."

Wateja wawili walijifanya wanasoma mifuko ya pumba. Ifrah hakucheka, Mungu ambariki. Alimchukua Mheshimiwa, akamwinua mdomo kwa kidole gumba. Fizi zilikuwa nyeupe. Akapekua manyoya ya shingo, viroboto wakatawanyika kama watu walioona askari wa kaunti.

"Ungeniambia ukweli, ndugu yangu. Mchanga wa kugandamana haupewi mtoto, maana watoto wanaonja kila kitu, na ukivimba tumboni unaziba. Wewe rarua magazeti, au chukua zile trei za mayai za karatasi, uziloweke, uzichambue, uzianike. Akimeza kidogo haina shida. Lakini huyu haonji tu. Viroboto wamemnyonya. Hana damu, ndiyo maana anatafuta udongo. Mchane kwa kitana hiki kila siku, umpe chakula chake hiki na maini kidogo. Asipopona fizi, mlete nikuoneshe daktari wa mifugo."

"Hana damu," Munyao alirudia polepole.

"Hana damu. Si tabia mbaya."

Alirudi nyumbani akitembea taratibu. Wiki zote zile alikuwa amemnunia Kamene, amemsaka kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alijisikia vibaya sana. Alipita buchari akanunua maini, akapika kwa nyanya na dania, akamwekea Kamene sahani na mboga za terere pembeni, akamkatia Mheshimiwa vipande vyake visivyo na chumvi. Hakusema neno lolote juu ya mawe. Kamene alimtazama sana, kisha akala.

Mbele ya mlango wa nyumba yao pakaanikwa trei za mayai, na majirani wakaanza kuuliza kama Munyao amefungua biashara ya kuku. Kila jioni alimchana paka, akamhudumia mkewe maini, akabadilisha karatasi, akanawa mikono. Mheshimiwa alitafuna karatasi siku za mwanzo bila furaha. Halafu fizi zikaanza kuwa za waridi, na jioni moja, wote wawili wakiwa wamekaa wanatazama, aliingia ndani ya jerikeni, akafukua, akachuchumaa, akafunika, akatoka. Hakuonja hata kipande.

Munyao akamgeukia Kamene.

"Msaliti," Kamene alisema. Machozi yakamtoka. Akainuka, akaleta odowa zote, za viatuni, za kwenye foronya, za kwenye jagi, akazimimina mikononi mwa mumewe. "Chukua. Nimeapa. Zitupe kabla sijabadili mawazo."

Munyao akazitia mfukoni akaondoka nazo.

Siku ya kliniki ilipofika, Sista Nzembi alichoma kidole, akatazama kipimo, akatazama tena. "Damu imepanda! Mama, umefanya nini?"

Kamene akalia pale pale kwenye kiti, na Munyao, furaha imemjaa mpaka kooni, akafungua mdomo kumshukuru muuguzi.

Hakuna aliyesikia shukrani. Ulimi ulikuwa mweupe kama chaki, na meno vilevile.

"Munyao," Kamene alisema. "Mfukoni kuna nini?"

"Nilitaka tu kujua kinachokushinda ni nini. Nikaonja kidogo. Halafu..." Akameza mate. "Kamene, kweli inanukia mvua."

Sista Nzembi alimvuta mkono, akamchoma kidole na yeye. Wakasubiri. Akakiinua kipimo, akakigeuza, akakiweka chini.

"Damu yako iko sawa kabisa, baba. Wewe huna upungufu wowote. Wewe ni ulafi."

Kamene alicheka mpaka akashika tumbo, mpaka wajawazito wa kwenye foleni wakachungulia mlangoni. Akamimina mawe yote ndani ya pipa la kliniki, akauacha mfuko wa suruali ya mumewe umepinduliwa nje, unaning'inia. Wakatoka. Kayole nzima ikawatazama wakipita, na Munyao hakuurudisha ndani. Kila alipopeleka mkono, Kamene aliushika, akautuliza ndani ya wake, wakaenda hivyo mpaka nyumbani.