Mti Katika Shamba la Kuazimwa

Miaka ile ya vita, anayekwenda Beni aliombewa kwanza ndipo apande gari. Lakini Butembo, mji wetu huku mashariki mwa Kongo, haikuacha kuimba. Kila baada ya mavuno ya maharagwe, kwaya na wapiga gita walikusanyika katika uwanja wa parokia yetu, mchana tu, ili kila mtu awe nyumbani kabla ya giza. Waprotestanti nao walikuja. Askari wa langoni walisahau ukali wao, wakatikisa mabega.

Sisi tulikuwa kikundi cha vijana wa kutetea mazingira. Vilima vyetu vilikuwa vimebaki vipara: wakimbizi walihitaji kuni za kupikia, na matofali ya nyumba mpya yalichomwa kwa kuni pia. Mvua ikinyesha, udongo mzuri ulishuka mtoni. Tulitaka watu waone jambo hilo bila kuhisi tunawagombeza, kwa hiyo tulitunga wimbo, tukaotesha miche ya grevilea, na tulipomaliza kuimba tukawagawia waliokuja kutusikiliza.

Mama mmoja hakunyoosha mkono. Alikuwa amekimbia kutoka upande wa Mabalako pamoja na wajukuu wake, na mzee mmoja wa mtaani kwetu alimwazima kipande cha shamba. Mpiga gita wetu, akidhani ni haya tu, alimwekea mche ndani ya kitunga chake. Mama akashtuka kama aliyewekewa nyoka.

“Toa, mwanangu! Utanifukuzisha!”

Hapo inafaa nieleze. Kwetu, aliyeazimwa shamba hupanda vitu vya msimu: maharagwe, mahindi, viazi. Mti hapandi. Maharagwe yakivunwa, shamba linarudi kwa mwenyewe. Mti unabaki, na siku moja watoto wa aliyeupanda watasema, hapa ni petu, bibi yetu alipanda mti huu. Kupanda ni kudai. Sote tulilijua jambo hilo tangu utoto, ila katika furaha ya wimbo hakuna aliyelikumbuka.

Mwenye shamba alikuwa ameketi benchi la mbele. Aliuona mche, akasimama.

“Mama, ni nini ile iko mu kitunga?”

“Papa, hapana yangu. Ni hii batoto ya kuimba banaiweka.”

“Lakini iko mu kitunga yako! Leo muti, kesho nyumba!”

“Kesho kutwa atakuwa chifu wa kijiji!” mtu akapaza sauti nyuma, na watu wakacheka.

Mama hakucheka. Viazi vyake vilikuwa bado ardhini, na wajukuu wake hawakuwa na chakula kingine cha kungojea. Mpiga gita alijaribu kueleza kwamba kosa ni letu, lakini mzee alimkatisha: “Weye piga gita yako. Naongea na mama.”

Ndipo mama alipoutoa mche kitungani, akapiga goti kidogo kama tunavyofanya mbele ya mkubwa, akampa mzee kwa mikono miwili.

“Papa, udongo ni yako. Muti nayo ni yako. Panda na mukono yako, bantu bote baone. Miye nitaletea muti maji, tu.”

Mzee aliugeuza ule mche, akapapasa majani yake kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayemshika mtoto wa jirani kwa mara ya kwanza.

“Na kuni?” akauliza. “Matawi ikikauka, nani ataokota?”

“Ni weye utasema, papa.”

“Utaokota weye. Lakini siku unapika, uniite.”

Safari hii mama naye alicheka, mkono mdomoni.

Kesho yake tuliwasindikiza shambani na miche mingine. Mzee alikuwa ameleta jembe lake mwenyewe, na hakumruhusu yeyote kati yetu kulishika. Mama alisimama kando na bidoni ya maji, akisubiri zamu yake. Kabla ya kuchimba, mzee alitazama jua, akatazama mteremko, kisha akamgeukia.

“Mama, musimu yenye inakuya, utapanda maharagi upande gani? Miye hapana taka muti ilete kivuli.”

Mama aliweka bidoni chini, akamwonyesha.