Mteja wa Kiti cha Dirishani

Kwenye karatasi za serikali Hanadi alikuwa mchuma nyanya. Kibali chake cha kazi, chenye picha yake na muhuri, kilisema hivyo: kibarua wa shamba, Bonde la Yordani. Na huko bondeni hakuwahi kukanyaga hata siku moja. Kazi yake ilikuwa nywele. Alikuwa fundi wa kupamba maharusi, tena si fundi wa kubahatisha, na mtaa mzima wa Hashimi ulilijua hilo isipokuwa serikali.

Mtu atauliza, kwa nini basi asikate kibali cha saluni? Thubutu! Saluni ni kazi ya wenyeji, mgeni haigusi, na Hanadi alikuwa mgeni, Msyria wa Daraa aliyeingia Amman na mume, watoto na nguo walizovaa. Wageni waliachiwa shamba, ujenzi na vikazi vingine ambavyo wenyeji hawavitaki. Akafanya kama walivyofanya wenzake: akaenda kwenye ushirika wa wakulima, akalipa, akapewa kadi ya nyanya. Kadi ile ilimlinda barabarani. Ndani ya saluni haikumfaa kitu. Akikutwa kitana mkononi, kichwa cha mtu mbele yake, anapakiwa garini na kupelekwa kambi ya wakimbizi, huko jangwani. Na Mahran, mumewe, abaki na nani? Figo za Mahran zilikuwa zimekufa zote mbili, damu ikisafishwa kwa mashine hospitalini, na bila mke wa kumpeleka na kumrudisha asingeumaliza mwezi.

Kwa hiyo kwa Mama Qutayba kulikuwa na utaratibu. Mama Qutayba ndiye mwenye duka na leseni, mwenyeji wa hapo hapo, mjane, mdomo mrefu na huruma nyingi. Zamani alikuwa fundi, lakini baridi yabisi ilishamuingia kwenye vifundo vya mikono, akishika kitana kidogo tu anaguna. Hanadi ndiye aliyefanya kazi, na kila kichwa alichokitengeneza waligawana nusu kwa nusu. Mshahara hakuna. Siku wateja wasipokuja, hakuna hela. Akiugua, shauri yake.

Upande wa pili wa ukuta alikaa muuza kahawa. Yeye akiwaona wakaguzi wa kazi wanashuka garini, hugonga ukuta kwa kinu chake cha iliki. Ukuta ukigongwa tu, Hanadi hutupa kitana, hujirusha kwenye kiti cha dirishani, taulo mabegani, dawa ya rangi kichwani, akawa mteja. Mama Qutayba hushika nafasi yake. Wateja nao walishazoea, wengine wakiufurahia kama mchezo.

"Mkulima, nyanya zinaendeleaje wiki hii?" Bi Najah, mteja wa siku nyingi, hakosi kumchokoza.

"Zimekauka, Bi Najah, kama nywele zako."

Wanacheka, kazi inaendelea. Lakini mchezo ule Hanadi alimfundisha pia mtoto, na hapo ndipo pasipochekesha. Binti yake wa kwanza, Rahaf, alikulia mle saluni. Alikuwa akitoka shule anakaa pembeni, daftari mapajani, akimsubiri mama yake. Mama yake akamweka sawa tangu angali mdogo.

"Wakiingia watu wenye mafaili, mimi hunijui."

"Wakiniuliza wewe ni nani?"

"Sema humjui, ni mteja."

"Na nikiogopa, nije kwako?"

"Usije kwangu. Ukija kwangu ndiyo wananichukua."

Walikuwa wakilirudia somo hilo nyumbani kama watoto wanavyokaririshwa sura za kusalia. Mara ya kwanza wakaguzi walipoingia, mtoto alijibu bila kupepesa macho, na Hanadi akamnunulia kunafa, kile kitamu cha jibini na shira, njiani kwa kumpongeza. Mungu atusamehe kwa tunayowafundisha watoto.

Rahaf akakua, akaposwa. Mposaji, Luay, alikuwa kijana wa kwao Daraa ambaye hakuwahi kuhama, na mpaka ulikuwa umefunguliwa tena, watu wanapita. Ila kupita kwenyewe ni kwa upande mmoja: Msyria akitoka, harudi. Harusi ingekuwa Daraa. Hanadi akienda, mume wake anakufa Amman. Asipoenda, bintiye anaolewa bila mama. Alilia wiki nzima, kisha akapiga simu kwa wakwe.

"Sina dhahabu ya kumpa," aliwaambia, "na karamu yenu sitaila. Naomba kitu kimoja. Nywele nimtengeneze mimi hapa, nimvike mimi, nimshike mkono hadi mlangoni, nimpe radhi zangu, nimpigie vigelegele. Kisha mchukueni."

Wakwe wakakubali. Gari lingekuja saluni, na shangazi wa bwana harusi ndani yake, lifike mpakani kabla hapajafungwa. Alhamisi asubuhi Rahaf alimbusu baba yake mikono akiwa kitandani, akafuatana na mama yake kwenda kupambwa.

Hanadi hakuwahi kufanya kazi polepole kama siku ile. Alikuwa akichukua shungi moja, analichana, analipiga pasi, analizungusha kidoleni, halafu analiachia na kuanza upya, na halikuwa na kasoro yoyote. Mama Qutayba alikuwa ameleta sinia la vitamu. Bi Najah alikaa na dawa yake kichwani, rangi ya shaba, akitoa amri kama jemadari.

"Nyanyua zaidi huko nyuma! Wa Daraa waone kwamba kaja mtu!"

"Bi Najah, wewe ulishaolewa, muachie mwenzako."

"Niliolewa mara mbili, ndiyo maana najua."

"Mama, unanivuta," Rahaf alisema.

"Vumilia. Kesho nani atakuvuta?"

Wakatazamana kwenye kioo, wakacheka, macho yamewajaa wote wawili. Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa umekwisha, umefungwa juu kwa vibanio vyenye lulu. Upande wa kushoto ulikuwa bado unaning'inia.

Ukuta ukagongwa.

Mwili wa Hanadi haukumngoja aamue. Kitana kilikuwa chini, yeye yuko kwenye kiti cha dirishani, taulo mabegani, bakuli la Bi Najah mikononi na mkono mzima wa rangi ya shaba unapita kichwani mwake. Mama Qutayba alikuwa nyuma ya Rahaf, ameshika pasi ya nywele kichwa chini. Mlango ukafunguliwa.

Alikuwa mwanamke peke yake, mkaguzi mgeni, hawajawahi kumwona. Jina lake Bi Sawsan, kasema mwenyewe. Umri wake na wa Hanadi ulikaribiana, uso umechoka, sauti ya upole. Akasalimia, akaona vitamu, akatabasamu.

"Hongera, bibi harusi. Wafanyakazi wangapi hapa, mama?"

"Mimi na mikono yangu mibovu," alijibu Mama Qutayba. "Leseni hiyo ukutani."

Bi Sawsan akaitazama leseni, akamtazama Bi Najah, akamtazama Hanadi. Kisha akamgeukia Rahaf, tena kwa wema, kama mtu anayetafuta la kuzungumza.

"Na huyu wa dirishani, mmekuja pamoja? Ndugu yako?"

"Hapana," alisema Rahaf. "Simjui."

Lo! Jamani! Mama kumsindikiza bintiye saluni siku ya harusi, hilo nalo ni kosa la sheria gani? Mama hakatazwi kukaa kwenye kiti. Angesema tu, "Ni mama yangu," na mkaguzi angempa mkono wa hongera na kwenda zake. Lakini mtoto aliulizwa, akajibu alivyofundishwa, haraka, bila kupepesa macho. Hanadi aliliona kosa neno lilipokwisha kutoka. Kulirudisha hakuwezekani. Ukisema sasa kwamba wewe ndiye mama, utaulizwa kwa nini bintiyo amekukana, na jibu la swali hilo ni kambi.

"Kitambulisho, dada," Bi Sawsan alimwambia. Hanadi akatoa kadi kwa vidole vilivyolowa rangi. "Kibarua wa shamba. Umetoka bondeni kuja kupaka rangi Amman?"

"Binamu yangu anaolewa."

"Leo kila mtu anaolewa," alisema mkaguzi, akamrudishia kadi. Akavuta kiti, akakaa. "Endeleeni, mama. Nitaandika kidogo hapa, miguu inaniuma."

Ikabidi Mama Qutayba aendelee. Maskini, alijitahidi. Vidole havikukunjika, vibanio vikamponyoka, upande wa kushoto ukapanda juu kama fundo la mzigo, ukashuka, ukapanda tena umepinda. Hanadi alikaa, rangi inamchuruzika shingoni, anaangalia. Ni hatua mbili tu kutoka pale. Angeunyoosha kwa kugusa mara moja. Alikunja mikono chini ya taulo akaishikilia isije ikanyanyuka yenyewe.

Nje honi ikalia. Ikalia tena.

"Ndiyo gari lako?" aliuliza Bi Sawsan. "Haya, mama yako yuko wapi? Huwezi kutoka hivi hivi bila mtu wa kukushika mkono."

Rahaf akatazama kioo. Mle kiooni mama yake alikuwa akimtazama, na akatikisa kichwa kidogo sana: usiseme.

"Mama yangu hayupo," alisema, midomo inamcheza.

Mkaguzi alilielewa kivyake. Akaweka faili chini, akasimama. Kusema kweli hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalouma. Alikichukua kibanio kimoja akakirekebisha, akamvika bibi harusi joho jeupe, akamfunika kofia ya joho kichwani taratibu asizivuruge nywele, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Sikiliza, mwanangu. Mama yako angekuwapo angekwambia: nenda salama, radhi zangu zote ziko nawe, uendako ndiko kwenu, na mlango wangu hautafungwa." Akambusu kwenye paji la uso. Kisha akawageukia wengine. "Nyinyi mna nini? Pigeni vigelegele! Mtoto atoke kimya kama jeneza?"

Bi Najah akapiga, sauti inakwaruza. Mama Qutayba akapiga huku analia. Hanadi akafungua kinywa, na kigelegele chake kikatoka kama cha mgeni yeyote aliyekuwapo saluni kwa bahati, kikakatika katikati. Bi Sawsan alimshika Rahaf mkono, akamtoa hadi mlangoni. Pale mlangoni Rahaf aligeuka nyuma akamtazama mteja wa dirishani, halafu akavutwa nje. Mlango wa gari ukafungwa, gari likaondoka.

Mkaguzi alirudi anajifuta macho. "Mtoto mzuri vile, na hana mama. Mungu amrehemu mama yake."

Akawatazama mmoja mmoja.

"Semeni amina, basi."

"Amina," alisema Hanadi.

"Usilie, dada. Rangi itakuingia machoni." Bi Sawsan akachukua kitamu kimoja kwenye sinia, akaaga, akaenda zake. Hakuandika kosa lolote.

Mama Qutayba alijibwaga kwenye kiti. "Tumepona," alisema. "Alhamdulillahi, tumepona."

Bi Najah alijifuta rangi iliyomshukia sikioni. Kisha akasema polepole, "Lakini, Hanadi... mtoto si angesema tu wewe ni mama yake?"

"Nyamaza, Najah," alisema Mama Qutayba.

Hanadi alikuwa ameshatoka mbio, kichwa wazi, rangi inamtiririka. Barabara ilikuwa na magari mengine tu. Muuza kahawa akachungulia na kinu chake mkononi, kisha akageuza uso haraka kwa heshima.

"Leo niliwahi, sivyo, dada Hanadi?"

"Uliwahi," alimjibu. "Mungu akulipe."

Alirudi ndani, akanawa kichwa. Nywele zilikuwa zimekuwa za shaba, na akazifunga kitambaa bila kuzitazama. Aliingia mteja wa kukata, akamkata. Aliingia mwingine. Simu ilipolia alikuwa na kichwa cha mtu kwenye sinki.

"Mama." Nyuma yake zilisikika kelele za mpakani, madereva wanaitana. "Mama, nimekukana."

"Hukunikana. Ulijibu nilivyokufundisha."

"Shangazi kaniuliza nywele kanisuka nani. Nikashindwa kusema."

"Sema mimi."

"Zimepinda, Mama."

"Sema mimi tu."

Rahaf alilia kidogo, akajikaza. "Wanatuita. Nikivuka, laini hii inakufa. Niambie wewe sasa. Yale aliyoniambia yule mama, niambie wewe."

Hanadi alikuwa na maneno yake. Tangu binti alipoposwa alikuwa akiyatunga, akiyasema moyoni akiwa jikoni, akiwa hospitalini anamsubiri Mahran, na yalikuwa mazuri. Aliyatafuta, akasimama na maji yanamwagika kwenye sinki, hayakuja hata moja. Kichwani mwake kulikuwa na ya mkaguzi tu.

"Nenda salama," alisema. "Radhi zangu zote ziko nawe. Uendako ndiko kwenu. Na mlango wangu..."

"Amina, Mama," alisema Rahaf, na watu nyuma yake wakamwambia asogee.