Makubadhi ya Baba Yangu

Andika, Mwanaisha mwanangu, wala usinilainishie maneno. Mama yangu, uliyerithi jina lake, ni Mwanasha binti Omari, mzaliwa wa Gazi. Baba yangu ni Hamisi bin Salimu, mzaliwa wa Msambweni. Ndiye aliyeuvunja mkono wa mama kwa mchi wa kinu, ukaunga umepinda.

Harufu ya ngozi iliyoloa hunirudisha mwaka ule. Mama alikuwa amenichukua tukarudi Gazi kwa nyanya yangu, nami sijang'oka meno ya mbele. Haikupita miezi mingi wazee wakaja, wakanywa kahawa yetu, wakasema baba ametubu na hawezi kuzuiwa kumwona mwanawe. Mama hakuulizwa. Mimi, niliyekuwa nikijikojolea nikisikia sauti ya mwanamume mlangoni, sikuulizwa pia. Nyanya hakubishana nao. Alisema baba ataniona barazani, kila Ijumaa baada ya swala, naye nyanya akiwapo.

Baba alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, ananukia udi, na kashata mkononi. Makubadhi yake, viatu vya ngozi alivyojivunia, aliyavua kwenye kizingiti kama adabu inavyotaka. Nyanya aliyaokota papo hapo, akisema yana tope la mikokoni, akayaingiza ndani kuyaosha. Majirani walicheka kwamba hawajapata kuona mkwe anayependwa hivyo. Hata mimi nilidhani ni heshima.

Ijumaa moja mama alikwenda kisimani. Baba akanishika kifundo cha mkono, akasimama, akasema ananipeleka dukani mara moja. Vidole vyake viliniuma hadi mfupani. Akaagiza viatu vyake.

"Vinakauka, mkwe wangu," nyanya akajibu, akiendelea kupepeta mchele. "Mwenye haraka na aende peku. Mtoto atabaki."

"Mama, huyu ni damu yangu."

"Na mkono ule uliopinda ni damu yangu."

Baba akampiga kofi nyanya yangu, mchele ukamwagika barazani. Wazee walewale walikuwa wakipita kutoka msikitini, wakaona. Mzee aliyemtetea baba kuliko wote aliinamisha uso, kisha akaja akanibandua vidole vile kimoja kimoja. Baba akaondoka peku juani, na kanzu yake nyeupe, mbele ya mji mzima. Hakurudi. Sikumlilia siku ile, wala siku ya maziko yake.

Sasa yule aliyekuvunja taya wewe, Mwanaisha, anaiomba mahakama impe mwanao kila Jumamosi akalale naye Ukunda, kwa kuwa amehudhuria mafunzo ya kutuliza hasira. Enzi zangu walisema ametubu. Leo wanasema amepewa ushauri. Mimi sikuingia darasani hata siku moja, lakini neno hilo nalijua kwa sura zote mbili, na sura zote mbili sizitaki.

Mwambie wakili wako aombe hivi: amwone mtoto hapa, barazani kwetu, mchana, nami niketi katikati yao. Nikifa, keti wewe. Makubadhi yamo sandukuni mwangu, chini ya leso za mama. Usiyatupe wala usimpe mtu. Baba yake mtoto usimtukane mtoto akisikia. Mkaribishe, mpe maji ya kunywa, na viatu vyake uviingize ndani.