Mtoto wa Joyeuse ambaye karatasi inamwita mdogo wake

Saa sita na robo mchana, Joyeuse Mushiya amepiga goti mbele ya sufuria kubwa ya bukari, ugali wa watu wa huku, anausonga kwa mikono miwili. Mgongoni amembeba Stany, mtoto wa miezi minane na ushee, aliyefungwa kwa kitenge cha kijani. Kila mwiko unapozunguka, kichwa cha mtoto kinakwenda kushoto na kurudi kulia. Amelala fofofo. Mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha jana, na wachimbaji wa mgodi wa Mutoshi, hapa Kolwezi nchini Kongo, wanakuja kula wakiwa na matope mekundu mpaka magotini.

"Mama Amerika, visa yangu iko wapi?" anauliza mmoja, sahani mkononi.

"Iko chini ya sombe. Kula kwanza, utaikuta," anajibu Joyeuse bila kuinua macho.

Wanacheka. Yeye hacheki. Anachota bukari, anaweka sombe, yaani kisamvu, na kipande cha samaki, anapokea pesa na kumwita anayefuata.

Jina la Mama Amerika halikutoka hewani. Joyeuse, mwenye miaka thelathini na mmoja, ni mkaazi wa kudumu wa Marekani. Alishinda bahati nasibu ya visa miaka minne iliyopita, akaenda jimbo la Iowa, akaajiriwa katika kiwanda cha kukata nyama ya nguruwe kwa dola kumi na tisa kwa saa. Hapa Mutoshi, siku ikiwa njema, akishatoa pesa ya unga na makaa, anabaki na dola tano au sita kwa siku nzima.

Kadi yake ya ukaazi anaivaa shingoni, ndani ya kifuko cha nailoni, chini ya blauzi. Tarehe tatu Novemba itabaki plastiki tu. Sheria haina maneno mengi: mkaazi akikaa nje ya Marekani mwaka mzima, kadi hiyo peke yake haimrudishi tena. Zimebaki siku kumi na tisa.

Angeweza kuondoka hata kesho. Kinachomshika ni huyo aliyelala mgongoni. Karatasi ya serikali inasema Stany si mwanawe. Inasema ni mdogo wake.

*

Kisa kilianza na msiba. Mwishoni mwa Oktoba mwaka jana, kaka yake Joyeuse, aliyeitwa Stany, alifukiwa na shimo hapa hapa Mutoshi pamoja na wenzake wawili. Walimtoa siku ya pili. Joyeuse alikuwa na mimba ya miezi sita. Aliomba ruhusa kiwandani, akapanda ndege tarehe tatu Novemba, akijua atakaa wiki tatu na kurudi kujifungulia Iowa.

"Kama ningerudia kwa wakati, huyu angezalikwa Mwamerika," anasema. "Leo hapangekuwa hata neno moja la kusema. Nawaza ile kila siku. Kila siku."

Hakurudi kwa wakati. Matanga yalipokwisha, miguu ilivimba na shinikizo la damu likapanda. Daktari akamkataza kusafiri. Stany mdogo alizaliwa tarehe ishirini na sita Januari, katika zahanati moja ya Manika, mikononi mwa mkunga Kanku, ambaye amezalisha nusu ya mtaa huo.

Baba wa mtoto, Dimitri, ni Mkongo aliyeomba hifadhi Marekani na bado anangoja majibu. Akitoka nje ya nchi hiyo, harudi. Kwa hiyo hakuja kwenye msiba, hakuja kwenye uzazi, na kubwa zaidi kwa watu wa huku, hakuja kutoa mahari. Anamwona mwanawe kwenye simu, mtandao ukipenda.

Na mtoto ambaye baba yake hajatoa mahari ni wa nyumba ya mama yake. Hilo halina ubishi katika familia ya Joyeuse. Siku ya nane baada ya kuzaliwa, ukoo ulikusanyika uani. Babu wa mtoto, yaani baba yake Joyeuse, Tata Mwamba ('tata' ni baba, au mzee kwa heshima), fundi mstaafu wa mitambo ya mgodi, alimpokea mtoto mikononi, akaliita jina la marehemu mara tatu mbele ya watu wote. Stany. Stany. Stany. Wajomba wakaitikia. Tangu saa ile mzee hakumwita mjukuu tena.

"Alisema: mutoto yangu amerudia," anasimulia Joyeuse. "Siye wote tulilila. Hata mi nilifurahi. Nilijua ni maneno ya kilio tu."

Hayakuwa maneno ya kilio tu. Tarehe kumi na moja Machi, Joyeuse akiwa bado hana nguvu za kutembea mbali, Tata Mwamba alikwenda mwenyewe ofisi ya serikali kuandikisha kuzaliwa kwa mtoto. Karani aliuliza jina la baba. Mzee akataja lake. Karani akauliza jina la mama. Mzee akamtaja mke wake, Mama Mianda, mwenye miaka hamsini na minane. Karani akaandika alichoambiwa, akagonga muhuri.

Jioni Joyeuse alikabidhiwa cheti. Alikifungua, akasoma mstari wa kwanza.

"Niliona jina Stany, macho ikajaa machozi. Ingine sikusoma. Nilikunja, nikaweka mu sanduku." Anaongeza kwa sauti ya mtu anayejisuta. "Mi nilisoma mpaka darasa la sita ya sekondari, tata. Nilishindwa kusoma karatasi moja."

*

Tarehe tisa Juni, katika uwanja wa ndege wa Lubumbashi, mwanamke wa kaunta alikisoma cheti hicho mpaka chini.

Joyeuse alikuwa amejiandaa vizuri. Alishaambiwa kwamba mtoto aliyezaliwa nje, mama yake akiwa katika safari ya muda tu, hahitaji visa ya kuingia Marekani. Sharti aingie kabla ya kutimiza miaka miwili, na aingie akiwa na mama huyo katika safari ya kwanza ya mama kurudi. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya mama, hati ya kusafiria ya mtoto, basi. Hata hati ya mtoto ilitoka bila shida, kwa kuwa mzee alikwenda kuiomba kama baba.

"Yule mama aliniuliza kwa adabu: Mianda iko wapi? Nikasema Mianda ni mama yangu. Akasema: basi mutoto huyu ni mudogo yako, na mudogo hana haki ile. Nikamuambia mi njo nilimuzala. Maziwa ilikuwa inatoka, blauzi yote imelowa. Nilimuonyesha. Akaangalia chini."

Mwanamke yule alimpa njia moja: panda peke yako, mtoto abaki na hao walioandikwa. Sanduku lilikuwa limeshapelekwa. Joyeuse aliomba lirudishwe. Tiketi ilikufa palepale, na yeye akarudi Kolwezi kwa basi, mtoto mapajani.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, walisema wahenga. Hawakusema ajuaye mzazi ni nani.

Maître Valérie Ntambwe, wakili mwenye ofisi ya chumba kimoja nyuma ya soko la Manika, ndiye aliyelichukua jambo hili. Ni mwanamke wa maneno makavu, na hampaki mteja mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Nilimuambia: ukienda peke yako, umeifunga ile njia kwa mikono yako, juu ni safari ya kwanza tu njo inahesabika," anasema. "Utafika kule, utamuombea mutoto visa kama mutoto wa mukaazi, utaingia mu foleni. Ni miaka. Na tena watauliza cheti ileile."

Je, akibaki mpaka mwaka upite? Upo upenyo kwa mkaazi aliyechelewa: aende ubalozini Kinshasa, athibitishe kwamba alizuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake, aombe visa ya kurejea. Wakili anatikisa kichwa. "Atawaambia nini? Vita? Ugonjwa? Atasema: baba yangu alimupenda sana mutoto yangu?"

Basi, limebaki jambo la tatu, nalo ndilo Joyeuse analolishikilia: mahakama isahihishe cheti kabla ya tarehe tatu Novemba. Kesi ilisikilizwa mara ya kwanza Agosti. Jaji hakuwa na ukali wowote. Alitaka kitu kimoja, kwamba mtu aliyeandikisha asimame mbele yake aseme alikosea. Tata Mwamba hakutokea. Jaji akaahirisha mpaka Alhamisi ijayo, tarehe ishirini na mbili Oktoba.

*

Nyumba ya Tata Mwamba ina vyumba vitatu na ukumbi wenye picha ya Bikira Maria na picha ya kijana aliyevaa kofia ya mchimbaji. Mzee na binti yake wanalala chini ya paa hilo moja, wanakula sufuria moja, na tangu Agosti hawajasemeshana. Wanazungumza kupitia kwa mtoto.

"Stany," anasema mzee, akimrushia mtoto macho ya furaha, "ambia dada yako chai imepoa."

Joyeuse anamwaga chai ile, anaweka nyingine. Mwandishi aliyekaa hapo anatamani ardhi impasukie. Mama Mianda anatazama mlango.

"Mi nilizala batoto sita," anasema baadaye, akiwa jikoni, kwa sauti ya chini. "Huyu si yangu, Mungu anajua. Lakini mi sitasimama mbele ya batu nimuambie bwana yangu ni mwongo. Myaka makumi ine tuko pamoja. Nitaikala wapi nikisha kusema?"

Ni rahisi kumkasirikia mzee huyu. Mwandishi alikwenda na hasira zake tayari mfukoni. Kisha mzee akaanza kusema, naye si mjinga wala si mkatili, na hilo ndilo linalochoma.

"Huku kwetu, mutoto ukisha kumupokea mbele ya batu, haumutoshe, haumutoe tena mu jina," anasema Tata Mwamba. "Kumutosha ni kumuzika. Stany nilimuzika mara moja, na sikumuona sura, juu walimufunga mu bashi, mu turubai. Sasa munataka nimuzike mara ya pili, mu tribunal, mbele ya jaji, na mudomo yangu?"

Anaulizwa kama hajui kwamba anamzuia mama na maisha yake.

"Simuzuie. Ndege iko. Aende. Mutoto iko na baba, iko na mama, imeandikwa." Anapangusa miwani kwa pindo la shati. "Batoto yangu sita. Babili walikufa badogo. Moja alikwenda Musumba, hata simu hapigi. Moja iko Zambia. Moja aliingia mu shimo. Moja iko Amerika. Nani atanifunga macho?"

Wakili amemweleza kwamba akienda mwenyewe na kukiri, jaji hatamchachafya mzee wa miaka sitini na minne. Akiendelea kuficha, na uongo ukathibitishwa na mwingine, anaweza kushitakiwa kwa kuidanganya serikali. Mzee anasema amesikia. Anasema pia kwamba safari hii atakwenda.

"Na utasema nini, tata?"

"Mi mukatoliki. Nitasema kweli."

"Kweli gani?"

"Kwamba Stany ni mutoto yangu."

*

Mkunga Kanku ameahidi kuja Alhamisi na daftari la zahanati, lenye jina la Joyeuse, saa ya uzazi na uzito wa mtoto. Maître Valérie anaamini daftari hilo litatosha. Uamuzi ukitoka siku hiyohiyo, cheti kipya kinaweza kupatikana ndani ya wiki, na hati ya mtoto baadaye kidogo, mambo yakienda mbio. Mambo ya ofisi huku hayana tabia ya kwenda mbio. Dimitri amenunua tiketi nyingine, ya tarehe mbili Novemba, kwa kufanya zamu mbili siku za Jumapili.

Ila daftari halitajisemea lenyewe. Jaji atamuuliza Joyeuse, baba yake akiwa amekaa hatua tatu kutoka kwake, kama mzee huyu amesema uongo.

Wachimbaji wamerudi mashimoni. Joyeuse anasugua sufuria kwa majivu. Stany ameamka, amewekwa juu ya gunia, anajaribu kula kidole chake cha mguu. Mama yake anamtazama, na kwa mara ya kwanza mchana huu uso unalegea.

Amejiandaa kujibu nini?

"Nitasema ndiyo, amedanganya. Nitamutazama na nitasema." Anasuuza mikono, anaifuta kwenye kitenge. "Hakuna mutoto wa kwetu aliyesema vile juu ya baba yake mbele ya batu akarudia mu ile nyumba. Mi najua. Nimeisha kulila juu ya ile, nimemaliza."

Anamwinua mtoto, anamtupa mgongoni kwa mkono mmoja, anainama na kukaza fundo kifuani.

"Nimeambia mama yangu: siku baba atakufa, bamuzike bila mi. Basiningojee."